Vitabu vya Fedha Katika Mizani

Kitabu ni rafiki, lakini si kila rafiki hukabidhiwa mfuko. Viko vitabu visomwavyo kwa furaha, kisha vikarudishwa mahali pake, na msomaji asiwe ameongezewa wala kupunguziwa kitu ila saa chache za usiku. Vitabu vya fedha si vya namna hiyo. Msomaji wake aghalabu hutenda jambo baada ya kusoma: huweka, huuza, hukopa au hununua. Kitabu kikiwa kibaya, ubaya wake haukai kichwani tu. Hushuka mpaka jikoni ukala unga wa watoto. Kwa hiyo, msomaji kijana, nataka leo tuvipime pamoja vitabu vinne vya aina hii ambavyo huenda ukavikuta maktabani, au barabarani vimepangwa juu ya turubai vikiuzwa.

Kwanza nikueleze kwa nini jambo hili lanigusa. Mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwaka huo nchini Kenya ilianguka mipango mingi ya fedha iliyokuwa ikiahidi kurudisha maradufu kila shilingi iliyowekwa. Ilikuwa mipango ya piramidi: aliyetangulia hulipwa kwa fedha ya aliyemfuata, na wa mwisho hana wa kumlipa. Baba yangu, mkulima wa mahindi, aliuza ng'ombe wawili akapeleka fedha huko. Mwezi wa kwanza alilipwa faida. Mwezi wa pili akaongeza. Mwezi wa tatu alikuta mlango umefungwa na watu wamejaa barazani. Muhula ule nilikaa nyumbani. Jina la wale watu si kitu; majina yao hubadilika, hila yao ni moja.

Sasa zingatia neno hili. Baba yangu hakuwa mjinga wa kusoma. Alikuwa na daftari la shamba lililoonyesha kila gunia lililoingia na kila gunia lililotoka. Wale watu walimpa karatasi yenye maneno matamu juu ya kujiwekea akiba, naye akaisoma yote, tena mara mbili. Alichokosa ni mazoea ya kuyauliza maswali maneno yaliyopigwa chapa. Alidhani kilichochapwa kimekwisha kupimwa. Kama angalikaa na kalamu yake, angaliona mambo. Chukua mpango ambao kila mtu hutakiwa alete watu sita. Safu ya kwanza ina watu 6, ya pili 36, ya tatu 216. Endelea hivyo mpaka safu ya kumi, nawe utahitaji watu 60,466,176. Na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wote wa Kenya, pamoja na watoto wachanga, kuwa milioni 47 na nusu hivi. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi. Haikuhitaji elimu kubwa, ilihitaji shaka kidogo tu.

Basi kila kitabu cha fedha tutakiuliza maswali matatu. La kwanza: je, kinaonyesha hesabu yake, au kinatoa ahadi tupu? La pili: kinasema nini juu ya hasara? La tatu: nikikitii, ni nani atakayefaidika kwanza, mimi au mtu mwingine? Maswali haya ndiyo mizani yetu.

Kitabu cha kwanza ni The Richest Man in Babylon, yaani Tajiri Mkuu wa Babeli, cha George S. Clason wa Marekani, kilichotoka mwaka 1926. Hiki ni kitabu chepesi kuliko vyote vinne, na kijana wa kidato cha pili aweza kukimaliza katika siku mbili. Mwandishi alitunga visa vya watu wa Babeli ya kale. Mkuu wao ni Arkad, mwandishi wa mabamba ya udongo, ambaye alimwandikia tajiri mmoja kazi ya haraka na badala ya ujira wa kawaida akataka afundishwe siri ya utajiri. Siri aliyopewa ni fupi: katika kila unachopata, sehemu ni yako wewe mwenyewe, nayo isipungue moja ya kumi. Wengine wote unawalipa, mchuuzi wa nguo, mchuuzi wa chakula na mwenye nyumba. Kwa nini usijilipe nawe?

Arkad akatii, akaweka akiba mwaka mzima. Kisha akampa fedha yote mfyatua matofali aliyekuwa akisafiri, amnunulie vito kwa Wafoinike. Wafoinike wakamuuzia vipande vya kioo. Mzee aliyemfundisha hakumhurumia. Alimwambia kwamba mtu akitaka habari za vito humwuliza sonara, hamwulizi mfyatua matofali. Kisa hiki kimoja chatosha kukipa kitabu heshima yake. Shujaa wake anapoteza kila kitu mara ya kwanza, na mwandishi hafichi. Swali letu la pili limejibiwa vizuri.

Kwa swali la kwanza pia kitabu hakina haya. Mchuuzi wa ngamia aitwaye Dabasir, aliyezama katika deni, anayagawa mapato yake mafungu matatu: sehemu saba katika kumi za kuishi, sehemu mbili za kulipa wadai, na sehemu moja ya akiba. Jaribu mwenyewe. Mwenye mapato ya shilingi 20,000 kwa mwezi atabaki na 14,000 za matumizi, atatoa 4,000 kwa wadai, na atajiwekea 2,000. Ni dhiki, lakini ni dhiki yenye mwisho unaohesabika. Hata swali la tatu lina jibu la kupendeza: visa hivi vilitolewa kwanza katika vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima. Bila shaka benki hupenda watu waweke akiba. Lakini hapa faida ya benki na faida ya mwekaji hutembea njia moja, kwa hiyo sioni hila.

Walakini kitabu hiki kina ila mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wake hawana jamaa wala misimu. Wanapata ujira uleule kila wakati, na hakuna mjomba anayefiwa wala mpwa anayefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Mkulima wa mahindi hapokei mara kumi na mbili kwa mwaka. Hupokea mara moja au mbili, na moja ya kumi ya mavuno mabaya ni kitu kidogo sana. Kanuni ni njema, lakini sharti uikate kwa kipimo cha nyumba yako. Hesabu michango ya mazishi na harambee kuwa ni matumizi ya hakika, wala usiyahesabu kuwa ni ajali, maana yatakuja tu.

Ila ya pili ni nzito zaidi. Katika visa vya Babeli utumwa unatajwa mara kwa mara, na yule Dabasir mwenyewe anauzwa kuwa mtumwa. Kitabu kinataka tuamini kwamba moyo ndio unaomfanya mtu kuwa mtumwa au mwungwana, na kwamba mwenye bidii hujikomboa. Maneno hayo huenda yakapita bila kukwaza mahali pengine. Sisi wa Afrika ya Mashariki hayapiti. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, nalo halikujazwa na watu wavivu wasiolipa madeni; lilijazwa na watu waliokamatwa. Mwandishi alitaka mfano wa kuvutia juu ya deni, akaushika msiba wa wanadamu kama ushikavyo kijiti cha kuchorea mchangani. Soma kitabu kwa ajili ya akiba, lakini hapo mkatae.

Kitabu cha pili ndicho utakachokiona mara nyingi kuliko vyote katika barabara za Nairobi: Rich Dad Poor Dad, Baba Tajiri Baba Maskini, cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997. Mwandishi anasimulia kwamba alilelewa na baba wawili. Mmoja, baba mzazi, alikuwa msomi na mkuu katika kazi ya elimu, naye daima hakuwa na fedha. Wa pili, baba wa rafiki yake, hakusoma sana, naye akawa tajiri.

Mimi ni mwalimu. Msomaji ana haki ya kuniuliza kama sitetei tumbo langu nikikisema vibaya kitabu ambacho mwalimu ndiye maskini wake. Swali ni la haki, nami nitaanza kwa kukiri. Kitabu hiki kilinipiga mahali panapouma. Nilitoka chuo cha ualimu nikijua kuandaa somo la wiki sita, lakini sikujua kuisoma karatasi ya mshahara wangu. Sheria ya ajira ya Kenya yaamuru makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Nawajua walimu wenzangu wengi ambao huishi kwa theluthi ile iliyobaki, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu ya mikopo. Katika jambo hili baba maskini wa kitabu ni sisi.

Tena kina fundisho moja lililo wazi na zuri. Mali, kwa maana yake, ni kile kinachotia fedha mfukoni mwako. Mzigo ni kile kinachotoa. Gari lililonunuliwa kwa mkopo ili jirani waone ni mzigo, hata likipakwa nta kila asubuhi. Mbuzi anayezaa ni mali. Mtu akiligawa daftari lake katika safu hizi mbili, ataona haya ambayo hakuyaona kabla, na haya hiyo ni mwanzo wa busara.

Lakini tukiweka kitabu mizanini, kinapungua. Swali la kwanza: hesabu yake iko wapi? Kinasimulia nyumba zilizonunuliwa kwa bei ndogo na kuuzwa kwa bei kubwa, lakini kodi, matengenezo, riba na miezi ambayo nyumba hukaa bila mpangaji hupita kama kivuli. Swali la pili: hasara i wapi? Kinamsifu anayethubutu, lakini hakikai kando ya aliyethubutu akaanguka. Kumwambia kijana asiogope kukopa, bila kumwonyesha jedwali la riba, ni kumpa upanga bila ala. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Swali la tatu: nani hufaidika? Mara kadhaa nimekiona kitabu hiki mkononi mwa watu waliokuja kutafuta wanachama wa mipango yao. Mwandishi hakuwatuma. Ila wanajua kwamba aliyekwisha kufundishwa kudharau mshahara ni mwepesi wa kunaswa.

Na yule baba tajiri je? Wachunguzi wametilia shaka kama alipata kuishi vile alivyosimuliwa. Mimi nasema kwamba hadithi yaweza kufundisha hata ikiwa ya kubuni, kama ile ya Babeli. Tofauti ni kwamba Clason hakutuomba tumwamini Arkad kuwa shahidi. Mtunzi akinipa mfano, naupima kwa akili. Akinipa ushahidi, nina haki ya kumwuliza shahidi wake. Basi kisome kitabu cha Kiyosaki baada ya vingine, wala usikisome peke yake. Na usimdharau mwalimu kwa sababu yake: aliyekufundisha kukisoma ni nani?

Kitabu cha tatu ni kigumu, nacho ndicho bora. Ni The Intelligent Investor, yaani Mwekaji Rasilimali Mwenye Akili, cha Benjamin Graham, kilichotolewa mwaka 1949. Graham alizaliwa London mwaka 1894, akakulia New York, akafanya kazi ya hisa na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia. Soko la hisa la Marekani lilipoanguka mwaka 1929, naye alipata hasara kubwa. Kila ukurasa wa kitabu chake una kumbukumbu ya mtu aliyeungua. Anaanza kwa kutenga watu wawili ambao sisi huwachanganya: mwenye kuweka rasilimali na mwenye kubahatisha. Wa kwanza huchunguza kwanza, hulinda mtaji wake, na huridhika na faida ya kadiri. Wa pili hutazama bei tu, akitumaini kwamba kesho atapatikana mtu wa kununua ghali kuliko yeye.

Mfano wake ulio maarufu ni wa Bwana Soko. Fikiri kwamba una ushirika wa duka na mtu mwenye tabia ya kigeugeu. Kila siku anakuja mlangoni akikutajia bei: nitanunua fungu lako kwa kiasi hiki, au nitakuuzia langu. Siku nyingine amefurahi kupita kiasi, anataja bei ya ajabu; siku nyingine amekata tamaa, anataka kutupa kila kitu. Hana uwezo wa kukushurutisha. Mjinga humfuata, akinunua siku ya kicheko na kuuza siku ya kilio. Mwenye akili humwacha aseme, kisha huenda kuhesabu magunia yaliyomo ghalani.

Mfano huu tumeuona kwetu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu wakapanga foleni. Wengine walikopa benki ili wanunue, wakidhani watauza kwa faida baada ya wiki chache. Bei ilipanda kidogo, kisha ikashuka chini ya ile ya kuanzia, na waliokopa wakauza kwa hasara ili walipe riba. Je, simu ziliacha kulia? La. Kampuni ilikuwa ileile, Bwana Soko ndiye aliyebadilika uso. Mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40. Na kabla ya mwaka 2023 kwisha ilikuwa imerudi chini ya 15. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe alikuwa na nafasi ya kungoja na kuchagua. Aliyenunua kwa mkopo alikuwa mtumishi wa kalenda ya benki.

Fundisho la pili la Graham ni kuacha nafasi ya usalama. Fundi mwema hujenga daraja la kubeba tani thelathini ingawa lori litakalopita ni la tani kumi. Kadhalika mnunuzi wa hisa anunue kwa bei iliyo chini sana ya thamani aliyoipima, ili akikosea hesabu, kosa lisimwangushe. Huu ndio unyenyekevu uliokosekana katika kitabu cha pili. Kiyosaki humwuliza msomaji kama ana ujasiri. Graham humwuliza itakuwaje kama amekosea. Katika swali la hasara sijaona kitabu kinachokizidi.

Ila yake ni kwamba kinachosha. Kimejaa kampuni za Marekani ambazo nyingine zimekwisha kufa, na jedwali ambazo hazina maana kwetu. Usilazimishe. Soma sura ya nane, inayoeleza Bwana Soko, na ya ishirini, inayoeleza nafasi ya usalama. Yaliyobaki yatakungoja mpaka utakapokuwa na mshahara.

Kitabu cha nne nitakipitia upesi, maana neno lake ni moja. Ni The Little Book of Common Sense Investing cha John C. Bogle, cha mwaka 2007. Bogle ndiye aliyeanzisha kampuni ya Vanguard, ambayo mwaka 1976 iliwapa watu wa kawaida mfuko unaonunua hisa kidogo kidogo za kampuni kubwa zote za soko, bila kuchagua. Hoja yake: huwezi kuijua kampuni itakayoshinda, lakini waweza kuzipunguza gharama unazotozwa. Tufanye hesabu. Shilingi 100,000 zikikua kwa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 30 huwa 1,006,000 na zaidi kidogo. Msimamizi akijichukulia asilimia 2 kila mwaka, nawe ukabaki na 6, utapata 574,000 tu. Zile mbili zilizoonekana ndogo zimekula zaidi ya shilingi 430,000. Hesabu imeonyeshwa, na swali la kwanza limejibiwa. Lakini kumbuka kwamba soko la Marekani lina maelfu ya kampuni, na Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, halijafikisha hata kampuni 70. Kununua kila kitu katika duka dogo si sawa na kununua kila kitu katika duka kubwa. Chukua fundisho la gharama. Fundisho la kununua soko zima lichukue kwa kipimo.

Kuna jambo ambalo vitabu vyote vinne havilijui. Havijui chama cha akina mama wanaochangiana kila Jumamosi na kuandikiana katika daftari moja. Havijui chama cha akiba na mikopo, ambacho humkopesha mwanachama kwa kuitazama akiba yake na wadhamini wake. Havikuona serikali ya Kenya ikiuza dhamana zake kwa njia ya simu mwaka 2017, kwa kiasi kilichoanzia shilingi 3,000, ambapo kabla yake mnunuzi alihitaji shilingi 50,000. Basi usikae na vitabu hivi kama mtoto mbele ya mzee asiyekosea. Kaa navyo kama mtu mzima mbele ya mgeni mwenye hekima: msikilize, kisha umweleze habari za mji wako.

Hukumu yangu ni hii. Anza na Clason ukiwa shuleni, ukimpinga panapostahili. Msome Graham, zile sura mbili, kabla ya kununua hisa yako ya kwanza. Msome Bogle siku mtu atakapokuja kukuomba akusimamie fedha, nawe umwulize anatoza kiasi gani, na kama anayo leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Msome Kiyosaki ukiwa na kalamu mkononi.

Baba yangu angali hai, na lile daftari la shamba analo. Ukurasa wa mwaka 2007 una mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono wake: ng'ombe wawili, na mbele yake sifuri. Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Yake ilipotea na habari ikabaki. Nilipokuwa chuoni nilimwomba nilinakili ukurasa ule, naye hakukataa. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi wangu, kisha naweka kando yake nakala ya ile karatasi ya maneno matamu, nawaambia waisome na kuandika maswali. Wengi huandika mawili au matatu. Mwaka jana msichana mmoja aliandika kumi na moja. Nawe, msomaji, kabla ya kufungua kitabu chochote kati ya hivi, tafuta daftari, na ukurasa wa kwanza uandike maswali yako.